Mama Aliapa Mchoro Ule Si Wangu

Admin, naomba unifiche, na majina niliyoyataja humu si ya kweli. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, sijaolewa, nimezaliwa na kukulia Daraja Mbili hapa Arusha. Nasoma shahada ya uzamili ya usanifu wa miji kwenye chuo kimoja Dar, nimebakiza kutetea tasnifu tu. Ninachosomea, kwa lugha nyepesi, ni jinsi mji unavyoweza kuishi bila kutupa kila kitu: tofali na mabati ya nyumba iliyovunjwa yajenge nyingine, maji ya mvua yapewe njia yake, maganda ya sokoni yarudi shamba yawe mbolea.

Baba alishafariki. Mama anaishi kwenye nyumba aliyoijenga marehemu, kwenye safu ya nyumba za chini kabisa, ukifungua mlango wa uani unauona mto. Jirani yetu ni Mama Mwajuma. Kipindi mama amelazwa muda mrefu, mimi nilikula na kulala kwake kama mwanawe. Sasa mvua ikipiga kule mlimani Meru, mto kwetu unajaa hata kama huku jua linawaka. Masika iliyopita ulibomoa ukuta wa nyuma wa Mama Mwajuma, mjukuu wake yumo ndani. Walimtoa akiwa hai ila mguu umevunjika, mpaka leo anachechemea. Ndiyo maana ilipofika kuchagua eneo la utafiti, nilichagua mtaa wetu. Nilitaka elimu yangu ianzie nyumbani.

Nikapima, nikachora, nikafuta, nikachora tena. Jibu likawa lile lile: safu ya chini haiwezi kubaki, na nyumba ya baba imo. Iliniuma sana. Kwa hiyo nilichora safu nzima ihamie juu, kwenye uwanja ulio wazi nyuma ya gereji ya zamani, majirani wakae walivyokaa, wajengewe kwa tofali na mbao za nyumba zao wenyewe. Kule chini zibaki nyasi, miti na matuta ya mboga, vinywe maji ya mto unapojaa. Mtaani sikumwambia mtu, hata mama. Kwangu ilikuwa kazi ya darasani, nikajua nitawaeleza nikishamaliza.

Msimamizi wangu akaupenda mchoro, akauonyesha kwa wafadhili wa mradi wa kuendeleza eneo letu bila kuniuliza. Mimi nipo Dar, huku nyumbani ukaitishwa mkutano wa mtaa. Mchoro ukabandikwa ukutani. Ule uwanja wa juu, nilipoweka nyumba za watu wetu, palikuwa pamejaa maduka na maegesho ya magari. Wakazi wakaambiwa watatafutiwa eneo nje ya mji, wengine wakasikia ni huko kuelekea Kikatiti. Chini ya mchoro, jina langu. Mtoto wa Mama Mwajuma akalisoma kwa sauti.

Mama alikuwepo. Walionisimulia wanasema alisimama, mkono kifuani, akasema, "Wallahi, mwanangu hakuchora hiki." Watu wakanyamaza kwa heshima yake.

Nilipofika nyumbani nilimkuta anapepeta mchele. Nikamwamkia, nikaanza kumweleza jinsi walivyoubadilisha. Alinisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu.

"Kwenye huo wako wa kweli, nyumba ya baba yako ipo?"

Nikamwambia, "Haipo, mama. Mto utaichukua."

Hakulia. Aliendelea kupepeta, baadaye akasema, "Basi nimeapa juu ya kitu nisichokijua." Toka siku ile amefunga saumu, anasema ni kwa ajili ya kile kiapo. Ananipikia, ila hali na mimi hata wakati wa kufuturu.

Mama Mwajuma naye alikuja. Nikampa shikamoo, akaitikia huku anaangalia pembeni. Aliniambia wamenyamaza kwa sababu ya mama, si kwa sababu yangu, na wanataka wasikie kwa mdomo wangu. Jumamosi hii kuna mkutano wa pili. Nikamwambia nitakuja.

Nikampigia msimamizi, nikamwomba aurudishe mchoro wangu kama nilivyouchora, au aondoe jina langu. Alinijibu kwa upole kabisa kwamba mchoro sasa ni wa mradi, mabadiliko ni ya kawaida, na Jumamosi ananitegemea nisimame niuelezee maana watu wa pale wananiamini. Akamalizia, "Kama huwezi, itabidi utafute msimamizi mwingine." Wenzangu mliosoma mnajua maana ya kubadilisha msimamizi ukiwa mlangoni kutoka. Ni kuanza upya.

Nikisimama nikauelezea mchoro wao, nitapata shahada na nitakuwa nimewauza watu walionilea. Nikisema umechakachuliwa, wataniuliza wangu ulisemaje, na nitalazimika kusema mbele ya mama kwamba safu ya chini lazima iondoke, yetu ikiwemo, na kwamba alichoapa hakikuwa kweli yote. Nikinyamaza, masika inakuja, na wajukuu wa Mama Mwajuma bado wanalala upande ule wa mto.

Leo asubuhi mama amenipigia pasi gauni la kwendea mkutanoni. Amesema atakaa mbele kabisa. Nilitaka kumuuliza anakuja kunitetea au kunisikiliza, nikashindwa.

Ndugu zangu, najua humu wamo wazazi na wamo wasomi. Msinitukane, nishaurini tu. Nikishika kipaza sauti Jumamosi, mama yangu ananitazama usoni, nianze na neno gani?