Anwani ya Hospitali, Siyo Jina Lake

Mwaka huu nimechoka kungoja. Jicho la kulia lilishafunga, na la kushoto naona nalo kama mtu aliye nyuma ya moshi. Hospitali kule Mwanza walisema tarehe ya kunitoa mtoto wa jicho itakuja kwa barua pepe, kwenye simu ya mjukuu wangu anayefanya kazi halmashauri hapa Bariadi.

Tulingoja mpaka palizi ya pamba ikaisha. Siku moja mjukuu akafungua sehemu ya barua taka. Barua yangu ilikuwa humo, na tarehe ilishapita. Simu iliidhania ya matapeli, ikaitupa huko.

Nikamwambia aiambie simu ipitishe kila barua yenye jina la hospitali ile. Alisita, mimi nikashikilia. Majina ndiyo kitu ninachokijua. Tangu nizaliwe kule Nkoma sijasahau jina la mtu, hata la watoto waliokufa kabla ya kutambaa. Akaliingiza jina kwenye orodha ya wanaoaminika.

Wiki haikuisha, barua ikaingia, jina lile lile, ikitaka tujaze namba ya kitambulisho changu ndipo tupewe tarehe mpya. Nikafungua fundo la kanga, nikatoa kitambulisho. Mjukuu akaligusa lile jina, akanisomea anwani iliyotokea nyuma yake, ndefu, ya ajabu ajabu, siyo ya hospitali.

“Bibi, mtu akija hapa akasalimu mwangaluka na kutaja jina lake, unamkaribisha ndani?”

Nikasema hapana, mpaka aseme ni wa kwa nani na wanakaa wapi. Wenye jina kama la marehemu mume wangu nawajua saba, na wawili ni wezi wa ng'ombe.

“Sasa huyu mbona tumemkaribisha kwa jina tu?”

Nikakirudisha kitambulisho kwenye kanga. Nikafunga tena fundo langu.

Akalifuta lile jina. Akapiga namba iliyoandikwa kwenye kadi yangu ya kliniki, watu wa hospitali wakamtajia anwani yao herufi kwa herufi, naye akaiingiza nzima, hiyo moja tu. Akasema hata barua ikitoka humo, ikiomba namba za kitambulisho tutapiga simu kwanza.

Barua ya kweli imekuja juzi. Nilitaka anisomee kwanza imetoka wapi, ndipo asome tarehe. Tarehe yenyewe ni baada ya pamba kuuzwa. Basi, mavuno haya nayo nitayasikia wakiyasimulia.