Koti la Mkunachupa

Wanafunzi walimwita Mkunachupa, na hakuwa na haki ya kulalamika. Profesa huyu wa kemia alikula mshahara kwa kukuna ndani ya chupa kwa kijiti cha kioo, akibembeleza uji wa kahawia ugeuke fuwele, punje ngumu zinazometa kama za chumvi. Ujana wake ulimalizikia kwenye molekuli moja, ile inayotia uchungu gome la mti fulani. Mti huiunda bila shahada yoyote. Yeye ilimmaliza nywele.

Fuwele za kwanza zilimpa uprofesa. Tangu hapo zilikuja kila alipokuna, naye akausifu mkono wake. Wenzake wa vyuo vingine walifuata njia ileile wakaishia na uji. Minong'ono ikaanza, kisha wakaomba kuja kujionea. Fuwele zikigoma, makala yake yangefutwa, na jina lake lingefuata.

Mkuu wa kitivo alisikia neno "wageni" tu. Akaamuru maabara ipakwe rangi, meza zisuguliwe, vichupa vyote vya zamani vitupwe.

"Profesa, mbona hufurahi? Panang'aa!"

"Umenifukuzia mbegu, ndugu yangu."

Kila mwaka alifundisha kwamba fuwele hupenda kuota juu ya fuwele nyingine, hata chembe isiyoonekana. Hakuwahi kujiuliza vumbi la maabara yake lilikuwa na nini. Sasa kuta nyeupe zilimjibu: kumbe mkono ulikuwa unapokea sifa za vumbi.

Likabaki koti lake la kazi, lililojaa vumbi lilelile, ambalo miaka yote alikataa lifuliwe. Alikwenda nyumbani karibu akikimbia.

"Mama watoto, koti langu liko wapi?"

"Lile tambara la deki? Uwapokee wageni nalo, watu waseme huna mke? Nimeliloweka, nimelifua, nimelipiga na pasi. Haya, sema ahsante."

Alilitazama likining'inia mlangoni, jeupe pe.

"Ahsante," akasema. Kosa halikuwa la mama watoto.

Wageni walisimama kumzunguka. Alikuna. Uji ulibaki uji. Akawaeleza habari ya vumbi, nao wakatikisa vichwa kwa adabu, kama watu wanaosikiliza udhuru wa mtoto aliyechelewa shule.

Mmoja wao, mwenye huruma, akatafuta la kusifu.

"Lakini koti lako, Profesa, safi sana."

"Mke wangu huyo," alisema, bila kuacha kukuna.