Ndege ya Polikarp Yapaki Hewani

Polikarp wa Mazwi, kule Ufipa, ana mali moja ya maana duniani: injini ya mashine ya kufyekea majani. Siku za kazi inafyeka viwanja vya watu na kuleta unga nyumbani. Jumapili anaifungua, anaifunga kwenye pua ya ndege ya rimoti. Na usidhani ni ndege ya kuchezea watoto. Mbavu za mianzi, mwili wa yale mapovu meupe ya kwenye maboksi ya TV, mabawa marefu kiasi kwamba mlangoni inatolewa kiubavu kama kabati la bibi harusi.

Ya kwanza ilifia mtini. Ya pili ilijichimbia shambani, injini ikalazwa gereji, nyumba nzima ikanywa uji bila sukari. Mkewe, Bertilla, hakugomba. Alisema tu, "Baba Sharon, ndege vunja utakavyo. Ukivunja injini, tutafyeka kwa meno."

Hilo neno ndilo alilokuwa nalo kichwani Jumapili ile ya mwezi wa sita. Maana Jumatatu yake alikuwa na uwanja wa parokia wa kufyeka, askofu anakuja kutoa kipaimara.

Balaa lilianzia kanisani. Ufipa ukitaka kurusha kitu, rusha asubuhi, kabla upepo haujaamka. Polikarp anajua hilo kuliko sala ya Baba Yetu. Ila Bertilla anaimba kwaya ya misa ya pili, na misa ilipoisha ukaanza mnada wa sadaka za mavuno. Jogoo mmoja akagombaniwa utadhani ana cheti cha chuo. Walipofika kwenye shamba la ulezi uliokwisha kuvunwa, nje ya mji, upepo ulikuwa umeshaamka, umekunywa chai, unatafuta wa kupigana naye.

"Leo tuache," Polikarp alisema.

"Rubani, unaogopa?" Huyo ni Christopha, dereva wa boda, simu tayari iko juu inarekodi. "Nimeshatangaza kwenye grupu. Usiniaibishe, mshikaji."

Nyuma yake watu wamejaa, bado na nguo za kanisani. Polikarp akawasha.

Ndege ikapaa kwa mbwembwe. Upepo ukaibeba mgongoni, mara ikawa ndogo kama mwewe. Akaigeuza irudi nyumbani. Ikageuka vizuri kabisa, halafu ikasimama. Injini inalia kwa nguvu zake zote, pua inatazama kwao, lakini haisogei hata unyayo.

"Imepaki!" Christopha akapiga kelele. "Oya, inasubiri abiria!"

Watu wakacheka hadi machozi. Polikarp alikuwa anahesabu dakika. Mafuta aliyoweka ni kidogo. Na sasa ndege ilianza kurudi kinyumenyume, polepole, kuelekea korongo la mawe.

"Baba Sharon, mbona inarudi nyuma?"

"Upepo umeizidi."

"Na injini?"

Polikarp akalitazama lile korongo. Bertilla akajifunika mdomo kwa kitenge.

Macho ya Polikarp yakatafuta msaada popote, yakaangukia barabarani. Mzee mmoja alikuwa anapambana na upepo uleule, gunia nyuma ya baiskeli, kifua amekilaza kwenye usukani. Anakwenda. Taratibu, lakini anakwenda. Mazwi nzima inaendesha hivyo kiangazi: ukiinuka, upepo unakurudisha ulikotoka.

Polikarp akaisukuma pua chini.

"Inakufa hiyo!" Safari hii Christopha hakuwa anatania.

Ndege ikaporomoka. Karibu na ardhi, ambako upepo hauna nguvu sana, akaiinua kidogo tu. Ikaanza kusogea! Ikapita chini chini juu ya ng'ombe wa Mboje, mfugaji wa jirani. Ng'ombe wakatimka, Mboje akitukana kwa Kisukuma na Kiswahili kwa zamu. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima. Ndege ikapiga tumbo kwenye mabua, ikaburuzika, ikatulia.

Hakuna aliyecheka. Tairi moja imeng'oka, pangaboi la pua vipande viwili. Bertilla ndiye aliyetangulia, akachuchumaa, akashika chuma kilichobaki pale puani, akakizungusha kwa mkono taratibu, sikio karibu.

"Inazunguka," alisema.

Polikarp akakaa chini palepale kwenye vumbi, na suruali yake ya misa.

"Amka uifungue, kesho parokia," Bertilla alisema. Akajipangusa mikono. "Halafu Jumapili ijayo tunasali misa ya kwanza. Kwaya nitaongea nao."