Miji Aliyonipa Bibi

Juzi nilipita Saltley, mtaa mmoja wa hapa Birmingham, kununua unga, na katika duka moja karibu na Alum Rock Road nikakutana na harufu ya ndagala wakavu, wale ambao wengine huwaita dagaa. Walikuwa ndani ya mfuko wa nailoni uliotoboka pembeni, wamesukumwa chini kabisa ya rafu kama vile mwenye duka anawaonea haya. Nikasimama pale mpaka kijana wa dukani akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Wako watu wanaoziba pua kwa harufu ile, nami siwalaumu. Kwangu mimi ni harufu ya Jumamosi mchana, na ni harufu ya Marekani.

Najua hapo nimewachanganya. Subirini niwaeleze.

Nilipokuwa msichana wa miaka kumi na miwili tulikaa mtaa wa Newtown, katika moja ya yale maghorofa ambayo lifti yake ilikuwa na siku zake za kufanya kazi. Kila Jumamosi Mama alikaanga ndagala, madirisha yote wazi hata kukiwa na baridi ya kukata masikio, ili majirani wasije wakagonga mlango. Alikaanga siku hiyo kwa sababu ndiyo siku ambayo Bibi, mama yake mzazi, alitupigia simu ya video kutoka Ohio. Kwetu ilikuwa mchana, kwake asubuhi ndiyo kwanza inachangamka, na kabla hata hajatusalimu alitaka simu ipelekwe jikoni.

"Nionyeshe kikaango. Aah, mafuta kidogo hivi? Umekuwa mchoyo huko Ulaya?"

Mama alicheka, akaongeza mafuta ambayo hayakuhitajika, kisha akanipa simu mimi na kwenda kusimama dirishani. Nilidhani anatafuta hewa.

Tuliachana na Bibi kambini, Tanzania, walikokimbilia watu wetu kutoka Congo na ambako mimi nilizaliwa. Kambini kila familia ilikuwa na kesi yake, yaani faili la maombi ya kuhamishiwa nchi nyingine, na Mama alipoolewa alitolewa kwenye kesi ya Bibi, akafunguliwa ya kwake pamoja na Baba. Basi majina yalipotoka, kesi ya Bibi na Mjomba ikaenda Marekani, yetu ikaletwa Uingereza. Nilikuwa mdogo mno; nakumbuka vumbi la basi na mkono wake mzito juu ya kichwa changu. Tangu siku ile Mama hakuwahi kumgusa tena mama yake. Bibi aliwahi kuomba viza ya kuja kututembelea, akanyimwa. Mjomba akasema dawa ni moja tu, uraia. Akiwa na pasipoti ya Marekani atapanda ndege kama watu wengine.

Shida ilikuwa mtihani. Ili awe raia, Bibi alitakiwa akae mbele ya afisa, aulizwe habari za historia na serikali ya Marekani, ajibu kwa Kiingereza. Bibi, ambaye alikuwa hajakaa darasani hata siku moja maishani mwake. Mjomba alimletea kitabu cha maswali, akakiweka juu ya friji, na huko juu ya friji kikakaa.

"Hatapita," nilimsikia Mama akimwambia Baba. "Mama yangu ana akili, lakini hiyo si akili ya vitabu. Hatapita, na mimi sitamwona."

Sikuwahi kumsikia Mama akisema neno kama lile kwa sauti ya kawaida namna ile, na liliniingia.

Sasa, mwaka huohuo mwalimu wetu wa historia alikuja darasani na habari ya shindano la chemshabongo la mtandaoni. Lilikuwa la shule za nchi mbalimbali, na mafumbo yote yalihusu historia ya Marekani. Hiyo ya Uingereza yenyewe hatukuwa tumeimaliza, lakini nani atakataa kukaa kwenye kompyuta badala ya kuandika insha? Kila Ijumaa fumbo jipya lilifunguka. Mara ni picha iliyokatwa vipande uipange, mara ni ujumbe wa siri uufumbue herufi kwa herufi, mara ni ramani ambayo majimbo yake yamekimbia na wewe uyarudishe nyumbani. Timu yetu ilikuwa na watu wanne, na kichwa chake alikuwa rafiki yangu Harpreet. Familia yake ni Masingasinga waliotoka Kenya, na babu yake, aliyezaliwa Kisumu, alizungumza Kiswahili fasaha kuliko mimi. Alinisalimia "Hujambo, binti?" na mimi nikamjibu "I'm fine, thank you," naye akatikisa kilemba kwa masikitiko.

Wiki za mwanzo nilicheza tu kama wenzangu. Kisha Jumamosi moja Mjomba akamsomea Bibi swali moja la kile kitabu mbele yangu, nami nikaruka kitini. Lilikuwa lilelile fumbo letu la jana! Makoloni kumi na matatu, chai iliyotupwa baharini, rais wa kwanza, vita ya kaskazini na kusini: alichotakiwa Bibi kukijua ndicho nilichokuwa nikikipanga vipande vipande kwenye kompyuta ya shule. Nikamwambia nitamfundisha. Bibi akasema vitabu vinamletea usingizi.

"Kama unataka kunifundisha, nitegee vitendawili," akasema kwa Kiswahili chake cha Congo. "Hivyo ndivyo batu banafundishana."

Basi tukaanza. Ijumaa nacheza shindano, usiku natunga, Jumamosi nategea.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Chai imemwagwa, watu hawakuionja, bahari imelewa."

Bibi alifikiri. "Hiyo chai ilikuwa na sukari?"

"Bibi! Focus!"

"Boston," akasema, akicheka.

Nilimtegea nyumba nyeupe inayobadilisha mpangaji bila kupandisha kodi. Nilimtegea watoto kumi na watatu waliomkana mama yao aliye ng'ambo ya maji. Nilimtegea mama wa shaba anayeshika tochi mchana kweupe. Na kama mchezo wenyewe unavyotaka, akishindwa sikumpa jibu mpaka nimemwambia: "Nipe mji!" Naye akanipa mji.

"Haya, nakupatia Baraka."

Ninyi mnaojua vitendawili mnajua kwamba aliyepewa mji ndiye hujigamba. Huenda mjini mwake kwa maneno, akala, akanywa, akarudi, ndipo atoe jibu. Lakini Baraka, mji wa kwao Bibi huko Congo, mimi nilikuwa siijui, kwa hiyo Bibi alijigamba kwa niaba yangu. "Ukifika Baraka, enda kwanza kando ya ziwa. Utakuta wamama banaanika ndagala juu ya mchanga, na kama upepo unatoka kwa maji, harufu inaingia mpaka kanisani. Kule ndiko babu yako alikuja kuniposa, na viatu vya kuazima..."

"Okay, nimechukua! Jibu ni the White House. Next!"

Nilikuwa na haraka. Mtihani ulikuwa unakaribia na Bibi alikuwa anashindwa mno. Alishindwa nyumba nyeupe Jumamosi tatu, akanipa Uvira, akanipa Fizi iliyoko juu milimani, akanipa Kigoma. Siku moja nikamwambia anipe kambi, akakataa katakata. Kambi si mji, alisema, hapana patia mutu kambi. Akanipa Kasulu badala yake, na soko la Kasulu, na habari ya mwanamke mmoja wa Kasulu aliyemgawia chumvi bila kumjua. Hiyo pia nilimkatiza.

Fainali ya shindano ilifanyika moja kwa moja kwa video. Tulikaa kwenye maktaba ya shule, timu ya Harpreet na mimi, na wazazi wachache nyuma, akiwemo babu yake na kilemba chake cha sikukuu. Tulikuwa tunafanya vizuri. Likaja fumbo la kutaja mji uliokuwa makao ya serikali ya Marekani kabla Washington haujajengwa. Sheria ilikuwa wazi: ukinyamaza hupotezi kitu, ukikosea unakatwa pointi. Harpreet alikuwa hajui, wenzetu hawajui, saa inakimbia. Mtangazaji akanitazama mimi kwenye skrini akauliza, "Birmingham, mna jibu?"

Nami, kwa mazoea ya Jumamosi zote zile, nikasema kwa heshima kabisa, "No. We give you Baraka."

Mtangazaji akaniomba nitaje herufi zake, nikamtajia. Jibu la Baraka likaandikwa kwenye skrini mbele ya shule za dunia nzima, likawekewa alama nyekundu ya kosa. Pale nyuma babu yake Harpreet alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Wamepewa mji mzima!" akasema kwa Kiswahili. "Sasa wanataka nini tena?"

Hatukushinda. Harpreet alininunia mpaka Jumatatu. Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa kikombe. Nililala macho wazi nikimwona Bibi mbele ya afisa wa Marekani mwenye tai, anaulizwa rais anakaa wapi, naye anajibu, "Nakupatia Uvira." Mimi ndiye niliyemzoesha! Kama nilijisahau mimi niliyesoma, yeye je?

Jumamosi iliyofuata nilimsimulia Bibi yote. Alicheka mpaka simu ikamdondoka, tukabaki tunaangalia dari la Ohio. Nikamwomba tuache miji. Akishindwa aseme tu "I don't know." Akakubali, na palepale nikamtegea nyumba nyeupe. Akafikiri, akajikuna shingo, akanitazama kwa upole.

"Nakupatia Kalemie," akasema.

Nilimpa Mama simu, nikaenda chumbani kulia.

Siku ya mtihani Mama hakukaanga kitu, na kwa kuwa ilikuwa katikati ya wiki hakuna aliyetegemea akaange. Aliosha vyombo vilivyokuwa safi tayari. Simu ilipolia aliiangalia kama kitu cha moto, mimi ndiye niliyeipokea. Alikuwa Mjomba, nje ya jengo, anapiga kelele. Bibi amepita! Alijibu maswali ya afisa mfululizo bila kukosa hata moja, mpaka afisa akasema inatosha. Makoloni alijua. Vita alijua. Na swali la kwanza kabisa lilikuwa la mahali anapokaa rais, akajibu kabla afisa hajafika mwisho wa sentensi.

Mama aliketi sakafuni na glavu zake za kuoshea vyombo, akalia kwa sauti. Nami nililia naye kwa furaha, lakini kichwani nilikuwa na swali. Kama aliijua nyumba nyeupe, kwa nini aliishindwa kwangu Jumamosi zote zile?

Nilimuuliza mwenyewe alipokuja. Alikuja majira ya joto, mdogo kuliko alivyokuwa kwenye simu, akamkumbatia Mama pale uwanja wa ndege mpaka watu na masanduku yao wakawa wanawazunguka. Siku tatu Mama hakumwacha hata aende chooni bila kumwita. Siku ya nne nikampata peke yake jikoni.

"Bibi, ulikuwa unajua. Why?"

Akasema, "Kitendawili!"

"Tega."

Akatega kitu kwa Kibembe, lugha yake, kisha akakigeuza kwa Kiswahili, na bado sikuambulia kitu. Nikainua mikono. Akasema nimpe mji. Mji wangu mimi ulikuwa mmoja tu.

"Nakupa Birmingham."

"Asante. Ukifika Birmingham, kuko nini?"

Nikaanza kwa Kiingereza, akanyoosha kidole, nikarudi kwenye Kiswahili changu cha kuokoteza. Nikamwambia habari za mfereji na mabata yake, za lifti yetu, za ukumbi wa kukodi tunamosali Jumapili ambao Jumamosi hutumika kwa ngoma na sakafu yake hunata. Nikamwambia habari za babu yake Harpreet. Nilitafuta maneno sana, mengine sikuyapata, na Bibi alikaa ameshika shavu, akinisikiliza, na hakuniharakisha.

Nilidhani ni mchezo tu. Ilinichukua miaka mingi, mpaka watu kazini walipoanza kuniuliza kwamba kwetu ni wapi nami kujikuta sina la kusema, ndipo nikaelewa alichokuwa akifanya. Bibi hakuwa na shamba la kuniachia wala nyumba. Alichokuwa nacho ni miji aliyoipita, mingine kwa harusi na mingine kwa kukimbia, na mjukuu mwenye haraka aliyejibu kila kitu kwa Kiingereza. Angeniita anisimulie habari za Baraka, ningesema nina homework. Kwa hiyo alikubali kuonekana mjinga wa mambo ya Marekani, Jumamosi baada ya Jumamosi, ili aweze kunipa Congo yake kidogo kidogo, na bado akapita mtihani wake. Nampenda kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika.

Siku hizi mimi ndiye ninayempigia simu. Amezeeka, anarudia maneno, na kuna siku ananichanganya na Mama. Nina miji yake yote, lakini kila mmoja ninao nusu, kwa sababu niliukata pale nilipochoka kusubiri. Namjua babu yangu mpaka kwenye viatu vya kuazima, basi. Kwa hiyo Jumamosi namkalisha Bibi vizuri mbele ya simu, nasogeza kiti changu, na namwambia, "Bibi, ile Baraka sikuipokea vizuri. Nipe tena."