Makasi ya Duka la Dawa

Jumatatu nilipanga foleni kwenye duka moja la dawa hapa Migwani. Mbele yangu alikuwa soja wa benki, na sare yake imepigwa pasi.

"Dozi yote?" muuzaji akamuuliza.

"Nipatie za leo na kesho tu, dada."

Muuzaji akachukua makasi, akamkatia vidonge vinne. Mwalimu aliyefuata, chaki bado mikononi, aliinua vidole viwili, makasi yakalia tena.

Zamu yangu ilipofika, muuzaji alishikwa na kikohozi hadi akainamia kaunta.

"Na wewe umemeza dawa?" nikamuuliza.

Akafungua droo, akanionyesha vidonge viwili vilivyokatwa kwa makasi yale yale. "Hata mimi nimeandikwa kazi tu hapa, mshahara haufikii dozi."

Daktari hutuonya tusikatize dawa. Siku moja amwonye na anayetulipa.