Siku Niliyokataa Kuwekewa Mikono

Harufu ya spiriti kwenye maabara ya shule hunirudisha juu ya mti wa makadamia pale nyumbani.

Nilikuwa mdogo, nina miezi michache tu tangu nipandikizwe figo ya mama, na kila aliyenikaribia alipaswa kwanza kujipangusa mikono kwa spiriti. Dawa za kuzuia mwili usiikatae zilikuwa zimelegeza kinga yangu, na daktari alituonya kwamba tetekuwanga ingeweza kuniua. Basi shangazi akaja na akina mama wa kanisa ili waniwekee mikono, mgongoni amebeba mtoto mwenye malengelenge uso mzima.

Nikapanda mti.

"Shuka, wewe! Ni vipele vya watoto tu. Unakataa maombi?"

"Maombi nataka, anti. Ombeni mkiwa hapo, huku juu niko karibu zaidi na Mungu."

"Mama yake, huyu mtoto hana adabu!"

Mama alishika mshono wake ubavuni. "Adabu tutamfundisha akiwa hai. Ombeni."

Wakanyoosha mikono kuelekea matawini, macho wazi wasije wakadondokewa na makadamia. Nikaitikia "Amina" kwa sauti iliyowashinda wote, nikabaki hukohuko juu mpaka mtoto yule alipotoka getini.