Koti la Harambee na Kigae cha Mvunaji

Shughuli yote ilinigharimu dola ishirini na tano, bei ya koti la mtumba nililolinunua Roseville baada ya kumbembeleza muuzaji hadi akachoka, pamoja na kikohozi kilichonikaa hadi Pasaka. Nimehesabu mara mbili.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mwenzetu alikuwa amefariki, nasi Wakenya wa Brooklyn Center, kaskazini mwa Marekani, tukaitisha harambee kanisani ili mwili usafirishwe nyumbani. Michango ilipolegea, nikafanya kama wanavyofanya kwetu: nikavua koti, nikampa mwendesha mnada. Kila Mkenya anaujua mchezo huo. Mtu ananunua, watu wanapiga makofi, kisha anamrudishia mwenyewe kitu chake, na pesa zimeshaingia kikapuni.

Aliyelinunua alikuwa Mtanzania, mzee wa heshima kutoka Champlin. Akalipa taslimu, akanishika mkono kwa upole, akaondoka nalo.

"Mwite basi!" nikamwambia mwenzangu wa chumba.

"Nimwite nimwambie nini? Kwamba ulikuwa unamkopesha marehemu?"

Waliokuwa karibu na birika la chai wakacheka. Nikacheka nao, kwa kuwa theluji ilikuwa bado.

Ilipoanguka, nilikuwa naenda chuoni na sweta mbili, moja juu ya nyingine. Karo ilikuwa imemeza kila senti. Muhula ule mwalimu wetu wa dini alituonyesha picha za vigae vya kale, vyenye maandishi ya Kiebrania na Kiaramu. Nilitarajia wafalme. Nikakutana na watu wenye shida za jikoni: huyu anaagiza divai na mafuta yapelekwe, yule anataka chumvi. Waliandika kwa wino juu ya vipande vya mitungi iliyovunjika, maana vilikuwa bure. Kwa hilo tu niliwapenda.

Kisha kikaja kigae cha mvunaji. Alikuwa amemaliza kazi yake shambani, anasema, lakini msimamizi akamchukulia vazi lake. Sasa anamwomba mkubwa wa eneo amrudishie. Wenzake waliovuna naye juani watamshuhudia.

Nikaweka kalamu chini. "Alirudishiwa?"

"Kigae hakisemi," mwalimu akajibu, akabadilisha picha.

Niliporudi nyumbani nikamwomba mwenzangu wa chumba awe shahidi wangu.

"Wacha wewe! Mvunaji wako alinyang'anywa. Wewe ulivua mwenyewe, ukageuka huku na huku kwanza watu waone mgongo, ili bei ipande."

Kweli tupu. Mzee hakuwa mwizi. Kwao mnada ni mnada. Na nikilidai, mjini kote nitaitwa yule aliyempokonya maiti nauli yake.

Nikapiga simu hata hivyo. Shikamoo, ambayo kwetu hatuna mazoea nayo, niliivuta ndefu kama kamba ya kisima.

"Marahaba, mwanangu! Koti lako limetufaa mno. Mama yako analivaa alfajiri akienda kazini. Kwani vipi?"

Nilikuwa nimezipanga hoja kwa mpango wa mvunaji: kwanza kazi niliyofanya, halafu mashahidi. Sikuwa na hata moja iliyosimama. Kioo cha dirisha kilikuwa kimeota barafu kwa ndani.

"Mzee," nikasema, "naomba unirudishie. Nasikia baridi."